Mfuko wa Yasiyotarajiwa

Wazo la kutenga akiba lilikuwa la mke. Baadaye alilijutia sana, lakini haki ya Mungu, lilikuwa lake.

Lilimjia mwaka ule ambao vitu vya nyumba yao vilikula njama. Kwanza gari lilizimika katikati ya mzunguko wa barabara, wakati watu wanatoka kazini, likagoma kwenda mbele wala nyuma huku madereva wengine wakilitukana kwa honi. Walipolifikisha nyumbani kwa kuvutwa na kamba, wakakuta tangi la maji limepasuka na sebule imegeuka kidimbwi. Na kabla sakafu haijakauka, jiko la gesi likatoa mlio mmoja kama mtu aliyekwamwa na mfupa, likazima moja kwa moja. Hawakuwa na kitu. Wakakopa kwa dada yake mke, ambaye alikopesha kwa moyo mkunjufu, kisha akautangaza mkopo huo kwa moyo mkunjufu vilevile, mpaka ikawa jamaa wakikutana na mume wanampa pole kama mtu aliyefiwa.

"Haya hayatatukuta tena," mke alisema siku walipomaliza deni. "Kila mwisho wa mwezi tutenge kidogo. Gari likiharibika, tunachota humo. Bomba likipasuka, tunachota humo. Hatumpigii mtu magoti."

Mume alimtazama kama ndiyo kwanza anataka kumchumbia.

Huyu mume alikuwa mkaguzi wa madai katika kampuni ya bima. Kazi yake ilikuwa kwenda kutazama gari lililogongwa au duka lililoungua, kuuliza maswali kwa upole, kisha kurudi ofisini na kueleza kwa nini kampuni haipaswi kulipa. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa hata bahili. Kwenye michango ya watu alikuwa wa kwanza kutoa. Ila kazi ilikuwa imemwingia kwenye damu. Mtaani walimwita Mkaguzi, na hata mama yake mzazi, waliyeishi naye, alikuwa akisahau na kumwita hivyohivyo. Mke yeye aliuza magodoro kwenye duka lililobanana kiasi kwamba mengine alikuwa akiyahifadhi nyumbani, yamepangwa sebuleni mpaka karibu na dirisha. Wateja walimwita Mama Magodoro, naye aliitika.

Wakafungua akaunti ya pamoja, ambayo haikutoa hata senti bila saini zao wote wawili. Jioni ile mume aliwaketisha watu wa nyumba nzima kwenye makochi: mke, binti yao wa pekee aliyekuwa sekondari, na bibi, yaani mama yake. Yeye mwenyewe akasimama.

"Mfuko huu," alisema, "ni wa mambo yasiyotarajiwa. Narudia: ya-si-yo-ta-ra-ji-wa."

"Tumesikia, baba," alisema binti.

"Nasema mapema, maana watu wakizoea kuchota, hakuna mfuko."

"Chai iko wapi?" aliuliza bibi, na kikao kikaishia hapo.

Miezi ikapita, Mfuko ukanenepa. Kisha friji ikafa.

Mke hakushtuka hata kidogo. Alimsubiri mume atoke kazini, akamwambia wapitie benki kesho yake. Mume akaenda jikoni. Akaifungua friji, akainusa, akaifunga. Akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati.

"Ilianza kunguruma lini?"

"Kama mwezi hivi. Hata wewe ulisema inanguruma."

"Kwa hiyo mlijua."

"Tulijua inanguruma, ndiyo."

"Na friji inayonguruma namna ile, mwisho wake huwa nini?"

"Ni kufa," mke alijibu bila kufikiri.

Mume akarudisha kalamu mfukoni. "Basi ilitarajiwa. Pole sana kwa hasara."

Sentensi hiyo ya mwisho aliitoa kwa sauti ya ofisini, laini, yenye huruma na mlango uliofungwa. Mke alicheka mpaka akashika mbavu. Aliponyamaza akamkuta mume bado amesimama palepale, uso mkavu, anasubiri kama kuna swali jingine. Hapo ndipo alipojua kwamba mwenzake hatanii.

Alijaribu kumweleza. Alimwambia fedha ile ni yao, imetengwa kwa ajili hiyohiyo. Mume alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa msikivu sana, kisha akamwambia kwamba kitu ukishakitengea fedha maana yake umekitarajia, na kitu ulichokitarajia hakiwezi kuingia kwenye Mfuko wa yasiyotarajiwa. Mke alikwenda kulala kichwa kikimzunguka. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba kila alipojaribu kutafuta kosa kwenye maneno yale, alilikosa. Friji ikawa kabati la viatu.

Iliyofuata ilikuwa starta ya gari. Nyumba yao ilikuwa mwisho wa mteremko, pale barabara inapokata kona, na geti lao lilitazama juu moja kwa moja. Starta ilipokata roho, mke alimwita fundi wao wa siku zote. Fundi huyu wateja walimpa jina la Subira, kwa sababu gari ukimwachia, subira ndiyo kazi utakayoifanya. Safari hii aliitwa kama shahidi.

"Fundi," Mkaguzi alimuuliza, "jambo hili mtu angeweza kulijua mapema?"

Fundi Subira aliangalia chini, akaangalia gari, akamwangalia Mama Magodoro, ambaye alikuwa akimkonyeza mpaka jicho linatoa machozi.

"Mzee, unataka ukweli au unataka msaada?"

"Ukweli."

"Ukweli, starta hii nilikwambia itakufa tangu mwaka jana. Nilikwambia mara nyingi tu. Hata hapa kwenye geti nilikwambia." Kisha akagundua alichokisema, akajipiga kibao mdomoni.

"Pole sana kwa hasara," alisema Mkaguzi, akiwaambia wote wawili.

Tangu siku hiyo gari likawa linalazwa juu ya mteremko, pua imetazama chini, likiwa frii, yaani bila gia, maana gia nayo ilikuwa na maneno yake, na breki ya mkono isiyoshika. Lililolizuia ni jiwe kubwa chini ya tairi. Asubuhi Mkaguzi aliingia ndani, binti akaondoa jiwe, gari likateremka lenyewe na kuwaka kabla ya kona. Jioni alilipandisha tena juu, akaligeuza, jiwe likarudi mahali pake. Aliona utaratibu huo ni mzuri na haugharimu kitu.

Mke akaenda gereji peke yake.

"Fundi, kuanzia leo ukiona ugonjwa kwenye gari lile, umeze."

"Nimeze?"

"Umeze kabisa. Usimwambie. Ukimwambia, ametarajia. Akitarajia, wewe hulipwi na mimi naendelea kwenda sokoni kwa miguu."

Fundi Subira alifikiri kidogo, mikono yake myeusi kwa oili ikiwa kiunoni. "Mama, nimefanya kazi hii miaka yote hii, sijawahi kuombwa nisiseme gari lina ubovu. Kwa kawaida watu wananilaumu kwa kuusema usiokuwepo." Lakini akakubali.

Na nyumbani vilevile wakakubaliana, mke na binti. Hakuna kutaja kitu chochote kinacholegea, kinachovuja wala kinacholia. Vitu viachwe vife ghafla, mzee ashtuke, ashindwe kusema alijua. Bawaba ya mlango wa jikoni ilipoanza kulia, binti alikuwa kila akiupita anapandisha wimbo. Bomba la bafuni lilipoanza kudondosha maji, mke alilifunga kitambaa, na mume akiwa karibu anaimba yeye. Ndani ya gari, kila breki zilipolia, mama na binti walipasua kikohozi kwa pamoja, mpaka Mkaguzi akawanunulia dawa ya kifua.

"Hivi," aliuliza siku moja mezani, "kwa nini siku hizi nyumba hii kila mtu anaimba?"

Mama na binti wakatazamana.

"Furaha," alijibu bibi, ambaye hakuwa ameambiwa lolote ila na yeye alikuwa akiitikia nyimbo zote kwa sababu alizipenda.

Njama ile ingefanikiwa kwa mtu mwingine. Mkaguzi hakuwa mtu wa kufichwa. Akaanza kuzunguka nyumba na tochi mchana kweupe. Aligonga ukuta, akatega sikio. Aliingia chini ya sinki. Alikanyaga vigae kimoja kimoja. Kisha alikuwa akitangaza, bila furaha wala huzuni, kama mtu anayesoma utabiri wa hali ya hewa: rangi hii itabanduka, kochi lile litavunjika mguu, komeo la geti halina maisha. Na kila alichokitaja kilikuwa kimeshatarajiwa, kwa hiyo hakikuwa tena na haki kwenye Mfuko. Komeo la geti lilivunjika wiki ileile, geti likawa linabaki wazi kama mdomo wa mtu aliyesinzia. Mke alihisi anaishi kwenye nyumba iliyokwisha kuhukumiwa.

Huku Mfuko unazidi kunenepa. Mume alikuwa akipitia benki kuangalia salio, akirudi anakuwa mtulivu, anakula vizuri. Mke naye, akioga kwa ndoo kwa sababu bomba lilikuwa limekufa rasmi, alikuwa akijiuliza ni lini hasa walitajirika.

Hata mama mzazi hakusalimika. Bibi alikuwa na meno ya bandia, safu ya juu na ya chini, na siku moja aliinama dirishani kumfokea mbwa wa jirani aliyekuwa akichimba bustani. Alifoka kwa nguvu mno. Meno ya juu yakamtoka, yakafuatwa na ya chini, na mbwa, aliyekuwa amezoea kurushiwa mawe tu, akaona leo ameletewa kitu cha maana. Akaondoka nayo.

Mkaguzi alimketisha mama yake kwa heshima zote.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Meno yalikuwa yanalegea?"

"Kidogo."

"Na mama ulijua kwamba jirani ana mbwa?"

Bibi aliliona linakokwenda. Akaanza kumkumbusha jinsi alivyomzaa, uchungu alioupata na umbali aliotembea, lakini bila meno maneno yote yalitoka upepo mtupu. Mwanawe alimpa pole kwa hasara. Siku hiyo mke alitoka nje akaenda kukaa kwenye gari, juu kule mteremkoni, akalia kidogo, akacheka kidogo, kisha akarudi kupika uji wa bibi. Alimpenda mumewe. Hilo ndilo lililomchosha.

Ikaja Jumamosi moja ya upepo. Mke alikuwa dukani, binti kwenye masomo ya ziada, bibi amesinzia kwenye kochi la ndani kabisa. Mkaguzi alikuwa jikoni anajichemshia chai. Bawaba ya mlango, ile iliyoimbiwa nyimbo zote zile, ikaachia, na upepo ukawa unausukuma mlango kumgonga mgongoni kila anapoinamia jiko. Alivumilia. Alipogongwa mpaka chai ikamwagika, akatoka kutafuta kitu cha kuuzuia. Akapanda barabara akiangalia huku na huku, akaona jiwe zuri, zito, lenye ubapa upande mmoja. Liliegemea kitu fulani, ambacho hakikutikisika mara moja. Alikuwa anawaza chai. Akalibeba, akarudi nalo, akauzuia mlango, na mlango ukatulia tuli.

Mke alikuwa anateremka kutoka kazini, mto wa mteja kwapani, alipoliona gari lao linakuja nyuma yake taratibu. Alidhani mume amemwona na anataka kumpokea mzigo. Akatabasamu, akapunga mkono. Gari likampita pole pole, kwa adabu, kama mzee anayekwenda zake msibani, na ndani hapakuwa na mtu.

Alibaki amepunga. Kisha akatupa mto na kukimbia.

Alikimbia akipiga kelele bila kujua anamwita nani. Gari nalo likakolea mwendo. Lilipofika kwenye kona halikukata kona. Lilikwenda moja kwa moja kwenye geti, na geti lilikuwa wazi. Likakatiza uani, likafagia kamba ya nguo, na likiwa limevaa shuka mbele kama bibi harusi, likaingia sebuleni kupitia ukutani, upande wa dirisha.

Mshindo ulisikika mpaka mtaa wa pili. Mke alifika mlangoni. Vumbi lilikuwa limejaa. Akaita, "Mama! Mama!" Lilipoanza kutua akaona kwamba gari limeingia lote, mpaka bampa ya nyuma, na limekomea kwenye magodoro ya duka, ambayo yalikuwa yamelipokea na kulikumbatia. Nyuma ya magodoro, kwenye kochi lake, bibi alikuwa ameketi wima, hana hata mkwaruzo, vumbi kichwani kama unga, anaiangalia ile taa moja ya mbele iliyobaki.

"Karibuni," bibi alisema kwa upole, bila meno. "Karibuni ndani."

Mkaguzi akatokea jikoni na kikombe cha chai. Alisimama. Akanywa funda moja, labda kwa kukosa la kufanya. Majirani walikuwa tayari wamejaa kwenye tundu la ukuta, na wa nyuma wanawauliza wa mbele kuna nini, na wa mbele wanajibu kuna gari.

Mke alikwenda akamkagua mama mkwe mikono na miguu, akamkalisha vizuri. Kisha akageuka. Alitaka kumuuliza mumewe swali moja tu, lakini mumewe alikuwa ameshachomoa kalamu.

"Gari lilikuwa limezuiwa na nini?" Mkaguzi aliuliza. Akatazama huku na huku, na kwa kuwa hapakuwa na wa kujibu, akajibu mwenyewe. "Jiwe."

Majirani wakasogea karibu.

"Nani aliliondoa?" Akajielekezea kalamu kifuani. "Mimi."

"Na ulijua breki ya mkono haishiki?" akajiuliza.

Hapo alichelewa. Watu walikuwa wanageuza shingo kumtazama anayeuliza, kisha anayejibu, kana kwamba ni watu wawili na hawataki kumpita yeyote.

"Nilijua," alisema. "Nilijua, na geti nilijua." Akaifunga kalamu. "Pole sana kwa..." Na neno la mwisho likamkwama, kidevu kikaanza kucheza.

Mke alikuwa amejiandaa kumgombeza. Maneno alikuwa nayo ya mwaka mzima, yamepangwa. Lakini kumwona mtu anajinyima fidia mwenyewe mbele ya mtaa kulimwondolea hasira yote. Akafungua mlango wa gari, upande wa abiria, akaingia, akakaa.

"Ingia," alimwambia.

"Wapi?"

"Humu. Tuongee. Huko nje watu wengi."

Mume akazunguka, akaingia upande wa dereva, wakafunga milango. Mbele yao, kupitia kioo chenye ufa, walikuwa wanaona magodoro yao na TV yao, na juu ya TV kuna tofali.

"Asubuhi ulipoamka," mke alisema, "ulitarajia kwamba mchana tutakaa hapa?"

Mume aliushika usukani kwa mikono miwili.

"Mimi natarajia kila kitu," alisema. "Hiyo ndiyo taabu yangu. Kila siku mtu analia mbele ya meza yangu, na mimi namwonyesha kwamba alipaswa kujua. Nikirudi hapa nasikia kila kitu kinakaribia kuvunjika. Bomba, mlango, wewe ukikohoa."

"Nilikuwa sikohoi kweli."

"Najua. Mfuko ukiwa umejaa, angalau nalala. Sasa tukichota, si utapungua? Halafu likija jambo kubwa?"

"Kubwa kuliko hili?"

Aliangalia tofali juu ya TV. Aliangalia shuka lililofunika boneti. Nje kuna mtoto alikuwa anauliza kama gari hilo linauzwa.

"Kubwa kuliko hili," alikiri, "silioni."

"Basi sema."

"Niseme nini?"

"Unajua cha kusema."

Mkaguzi alikijua. Lilikuwa neno ambalo, katika miaka yote ya kazi, hakuwahi kulitamka kwa mteja hata mmoja. "Sikutarajia," alisema kwa sauti ya chini. Kisha akateremsha kioo na kurudia kwa nguvu, kama vile majirani nao walikuwa wanadai. "Sikutarajia! Gari sebuleni sikulitarajia!"

Waliokuwa kwenye tundu la ukuta wakapiga makofi. Walikuwa hawajui wanashangilia nini, lakini walimwona mtu ametua mzigo.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Bibi akaingia, amejifunika khanga ya kutokea, mkoba mapajani, akajiweka sawa kwenye kiti.

"Mnanipeleka kwa daktari wa meno?" aliuliza.

Mume na mke wakatazamana. "Ndiyo, mama," alisema Mkaguzi, na mke akaona machozi yanamtoka. "Tunakupeleka. Ila si kwa leo."

Jumatatu walikwenda benki pamoja. Karani, msichana mchangamfu, aliwauliza fedha nyingi hivyo ni za shughuli gani.

"Gari limeingia sebuleni," Mkaguzi alisema, maana alikuwa mtu wa kusema ukweli.

"Jamani, hongereni!" alisema karani, aliyesikia kwamba gari limeingia tu. "La rangi gani?"

Mkaguzi aliweka saini yake huku jasho jembamba likimtoka. Mara mbili alinyanyua kalamu kuangalia kama mke bado yupo, na mara zote mbili alikuwepo.

Mfuko ulitosha kwa mengi, si kwa yote. Kwenye orodha meno ya bibi yalitangulia, hilo halikuwa na mjadala. Ukafuata ukuta, kisha breki na starta, kisha bomba la bafuni. Kilichobaki kilitosha komeo la geti na bawaba mbili. Friji ikaendelea kuwa kabati la viatu, na mke akasema hana haraka nayo. Mume alipoiona akaunti imebaki tupu, alirudi nyumbani akajitupa kwenye godoro moja la duka, saa ya mchana, akalala usingizi mzito hata akakoroma. Mke alimfunika shuka. Alimwambia binti asiimbe.

Tatizo lilikuwa Fundi Subira. Alikuja siku ya kwanza, akalizunguka gari pale sebuleni, akasema halitolewi mpaka alitengeneze breki kwanza, na breki zinasubiri kifaa. Kifaa kikasubiriwa. Mwashi naye akasema hajengi ukuta wakati gari liko ndani, atalifungia. Ikabidi waishi nalo. Walining'iniza turubai kwenye tundu na maisha yakaendelea. Binti akawa anasomea kiti cha mbele, kwa kuwa taa ya ndani ilikuwa nzuri. Bibi aliteka kiti cha nyuma chote. Alitazama TV kupitia kioo cha mbele, na tamthilia ikimuudhi, anaipigia honi. Dada yake mke alipokuja kujionea, alikaribishwa kiti cha mbele kama mgeni, akakaa, na kwa mshtuko akafunga mkanda. Hakuwahi kutangaza alichokiona. Labda alijua hataaminiwa.

Mkaguzi yeye alikuwa kila jioni akirudi kutoka kazini anasimama mlangoni, analiangalia, anatikisa kichwa. Ofisini walisema amebadilika kidogo. Alikuwa anawauliza watu maswali yaleyale, ila baada ya jibu la mwisho alikuwa anakaa kimya, anaangalia dirishani, kisha anasema ngoja alitazame jalada upya. Bosi wake alimwita mara moja kumuuliza kama ni mgonjwa.

Kifaa kilipopatikana, Fundi Subira alifanya kazi siku moja tu, jambo ambalo wateja wake wengine walikataa kuliamini. Starta ikashika kwa ufunguo. Injini ikanguruma mle sebuleni, picha za ukutani zikatetemeka, na Mkaguzi akalirudisha gari nyuma taratibu, kupitia palepale lilipoingilia, majirani wakimwelekeza kwa mikono, kila mmoja upande wake. Mke alikuwa kando yake. Bibi alikuwa kiti cha nyuma, maana alikataa kushuka.

"Basi tumpeleke akachukue meno," alisema mke. "Daktari alisema yako tayari."

Wakatoka getini, wakakata kona vizuri. Meno yakavishwa, yakakaa sawasawa. Walipokuwa wanarudi, Mkaguzi akiendesha kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai, bibi alikuwa anaangalia nje maduka yakipita, miti ikipita, watu wakipita. Alionekana ana jambo. Mke akageuka kumuuliza kama meno yanamuumiza.

"Hapana, meno mazuri," alisema bibi, na sasa kila neno lilitoka safi. "Ila gari hili, kumbe linatembea. Mimi nilikuwa nimeshalizoea limekaa. Mkaguzi, baba, punguza mwendo, sioni TV."